Sauti Yote Upande wa Kulia

Kazi yangu ni kusikiliza watu wazima wakilalamika. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mjini Columbus, hedifoni kichwani, na mfanyakazi wa ghorofa nyingine ananipigia kuniambia laptop yake haitoi sauti. Mara nyingi laptop haina ugonjwa wowote. Mwenyewe amebonyeza kitufe cha kunyamazisha kwa kiwiko, au ameielekeza sauti kwenye spika ya chumba cha mikutano, ambako inaongea peke yake kama mlevi. Namwambia abonyeze hapa, abonyeze pale. Ananishukuru, namdharau, tunaagana. Ni mwaka wa sita sasa na kazi yangu naijua.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mama yangu aliponiomba nimtengenezee sauti ya laptop yake, sikushindwa. Watu wetu wakisimuliwa habari hii hunitafutia mlango wa kutokea. Husema, "Bon, mashine ni mashine, inaweza kushinda mutu." Haikunishinda. Kuuona ugonjwa kulinichukua dakika nne. Dawa yake ingenichukua sekunde tano.

Wakati huo mama alikuwa Louisville, kwenye nyumba za kupanga karibu na Iroquois Park, pamoja na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu. Mimi nilikuwa Columbus, mtaa wa Clintonville, mimi na mke wangu na chumba kimoja cha kulala. Kaka yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita yaya, alikuwa Buffalo, East Side, na mke wake na watoto wanne. Tulitoka Kivu pamoja, tukakaa kambini pamoja hadi tukachoka kuhesabu miaka, na tulipofika Amerika tukatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Kilichobaki cha kutuunganisha ni kikao cha Jumapili baada ya kanisa, kila mtu ndani ya kisanduku chake kwenye kioo cha kompyuta.

Sikio la kulia la mama lilikufa kabla sijazaliwa. Aliugua akiwa msichana, usaha ukatoka wiki nzima, kisha sikio likafunga duka. La kushoto lilibaki zima mpaka alipofika Louisville na kuajiriwa kiwandani, kwenye mashine za kukunja maboksi, na hizo zikamla nusu ya kile kilichobaki. Nyumbani kila mtoto alijua: ukitaka kuongea na mama, kaa kushoto. Mimi ndiye niliyekaa kushoto kuliko wote.

Kuna sababu. Kwetu mzazi hajiombei mbele ya watoto wake, wala mjane hajiombei mbele ya ukoo wa mumewe. Ni aibu, ni kujishusha. Jambo lako likiletwa kikaoni, mkubwa wa kikao anakuuliza mara tatu, "Uko na neno?" Wewe unanyamaza, na aliyekaa kando yako ndiye anayelitoa neno lako. Asipolitoa, basi huna neno, na jambo limepita. Baba alipokufa, ndugu zake walikuja kuchukua mabati ya nyumba yetu. Mama alikaa kwenye mkeka, mimi kushoto kwake, nina miaka minane, nikimrudia sikioni kila walichosema. Wakamuuliza mara tatu. Nikasimama nikasema, "Mama anasema mabati ni ya watoto." Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa, lakini mabati waliyaacha. Jioni ile mama alinikaangia yai zima peke yangu. Yaya, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na hakufungua mdomo siku nzima, analilalamikia yai lile hadi leo.

Basi ikafika mwaka ambao mdogo wangu alipata mchumba, mwanaume mwenye sebule kubwa na moyo mdogo. Hakutaka mama mkwe ndani ya hiyo sebule. Nyumba ya Iroquois ilikuwa inarudishwa kwa mwenyewe, na swali likawa mama aende wapi.

Yaya alimtaka Buffalo. Yeye alikuwa kazini ghalani, mke wake alikuwa anaosha na kulisha wazee wa watu wengine, zamu zao hazikutani, na watoto wanne hawajilei wenyewe. Hilo la watoto yaya hakulitaja. Alisema anamtaka mama kwa sababu yeye ni mtoto wa kwanza.

Lakini mama alikuwa na njia ya pili, na aliniambia mimi peke yangu. Alinipigia Jumatano, nikiwa natoka kazini.

"Papa," akaniita. Kwetu mama humwita mwanawe hivyo akimpenda au akimtaka kitu, na mara nyingi huwa ni vyote viwili. "Hii mashine iko naongea chini chini. Bantu banafungua kinywa, sauti haitoke. Siku ya Mungu kuko kikao, donc uitengeneze mbele. Nataka nisikie vyote."

"Kikao cha nini?" nikauliza, nami nilikuwa najua.

"Yaya yako anataka nitoke hapa niende kwake. Mie siko nataka. Ule mujane tunaimba naye kwaya, chumba kiko kwake hapa hapa Iroquois, ameniambia nikuje tukae babili. Hapa niko na kashamba kangu, niko na kanisa, niko na bantu ba kuongea nabo. Kule Buffalo nitaongea na nani? Na theluji?" Akacheka kidogo, peke yake. "Utanisemea, papa. Sawa zamani."

"Nitakusemea, mama," nikasema. Nilisema kwa sauti laini kabisa.

Mke wangu ni Mkenya, alikuja kusoma akabaki, na ana akili ya kuona jambo hadi mwisho wake. Nilipomsimulia, aliweka kijiko chini. "Mum akibaki Louisville peke yake," akasema, "ni nani atakuwa ana-drive masaa matatu kila akiumwa? Si ni wewe? Buffalo iko mbali, brother yako hatakuja. Na siku akianguka, unadhani watamleta wapi? Hii ni one bedroom. Be honest."

Nisimsingizie mke wangu. Alisema kwa mdomo nilichokuwa nimeshakisema tumboni tangu simu ya mama. Niliwaona wale wanawake wawili, mmoja nusu kiziwi na mwingine mwenye magoti mabovu, wamekaa Iroquois wakila lengalenga, mchicha wa kwetu, na kuimba sauti ya pili, na simu yangu ikilia kila Jumamosi. Mama ana maji kwenye mguu. Mama amefungiwa nje. Mama anakuuliza barua hii inasemaje. Niliziona Jumamosi zangu zikiisha moja baada ya nyingine, na nilizipenda Jumamosi zangu kuliko nilivyompenda mama. Sijui namna nzuri ya kuliandika hilo, kwa hiyo nimeliandika lilivyo.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, niliingia kwenye laptop yake kutokea kwenye yangu, kama ninavyoingia kwenye kompyuta za wafanyakazi kazini. Nilimpigia na simu pia, akaiweka sikio la kushoto, akawa anauangalia mshale ukitembea wenyewe kwenye kioo chake na kushangaa. "Ni weye huyo?" akauliza. "Ni mimi," nikasema.

Kasoro zilikuwa tatu. Ya kwanza, sauti kuu ilikuwa chini ya nusu. Ya pili, kulikuwa na mpangilio unaoishusha sauti kila kompyuta inapodhani kuna mtu anapiga simu, kwa hiyo wakati wa kikao ndipo ilipokuwa inanong'ona. Ya tatu ilikuwa imejificha ndani zaidi, mahali ambapo mtu asiye wa kazi hii hafiki. Kila spika ina kipimo chake, kushoto na kulia. Kushoto kilisoma sifuri, kulia kilisoma mia. Mdogo wangu alikuwa na hedifoni iliyokufa upande mmoja. Alivuta sauti yote kulia ili aangalie filamu zake, akasahau kuirudisha. Mtu mwenye masikio mawili mazima anaweza kukaa mwaka mzima bila kugundua.

Kwa maana hiyo, mama akikaa mbele ya mashine kama mtu anavyokaa, sauti yote ilikuwa inakwenda moja kwa moja kwenye sikio lililokufa. Nilicheka, kwa kweli nilicheka. Ilikuwa kasoro tamu sana kwa fundi, na kazini ningewaita wenzangu waje waione.

Niliweka mshale juu ya kipimo cha kushoto. Ilibaki kukivuta tu. Nikakaa hivyo kwa muda, na sandwichi mkono wa pili, nikiwaza kwamba mtu asiyesikia kikao hawezi kukasirikia kikao. Nikauondoa mshale. Nikaacha na ule mpangilio wa kunong'ona kama ulivyokuwa. Nilichofanya ni kupandisha sauti kuu mpaka mwisho ili ionekane kazi imefanyika, kisha nikafungua wimbo mmoja wa kwaya yao aliokuwa ameuhifadhi.

"Unasikia, mama?"

"Kidogo, papa. Iko mbali."

"Hapo ni mwisho wake. Mashine ni nzima."

"Lakini iko mbali."

"Basi si mashine, mama," nikasema. "Ni masikio yako. Ni umri."

Kwenye simu kwaya iliendelea, ndogo, ya upande mmoja. "Kumbe," akasema hatimaye. "Merci, papa. Mungu akubariki." Nikamaliza sandwichi yangu.

Jumapili ikafika. Mdogo wangu alimkalisha mama mezani mbele ya laptop, akaingia chumbani na simu yake ili mashine mbili zisipigiane kelele. Kwa hiyo mama alikuwa peke yake ndani ya kisanduku chake, amevaa kitenge cha kwaya na kilemba, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Kulia kwake kulikuwa na dirisha linaloangalia kashamba kake. Yaya alivaa koti la suti, na ninaapa kwamba chini alikuwa na kaptula.

"Bon," yaya akaanza baada ya maombi. "Donc, famille. Hakuna mutoto mwanaume anaacha mama yake alale kwa bantu bengine, na yeye iko hai. Hiyo ni haya kwetu bote." Akaendelea. Alitaja amri ya tano, akamtaja baba, akataja jinsi Buffalo ilivyo na makanisa mengi. Mtoto wake mmoja alilia nyuma, mwingine akamjibu kwa Kiingereza anyamaze, na yaya akaongeza sauti. Nilikuwa namwangalia mama. Alikuwa ameugeuza uso kulia, kwenye dirisha, kana kwamba kikao hakimhusu.

"Mama, utazame huku," yaya akasema. "Kamera iko hapa."

Labda aliona mkono wa yaya ukipunga. Aligeuka, akatutazama sote, akatabasamu. Baada ya muda mfupi akarudi dirishani. Nikasema moyoni: hasikii kitu, maskini, anaangalia mahindi yake. Na nikaona nafuu, nafuu ya kweli, kama mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Mdogo wangu alisema kutoka chumbani kwamba yeye anakubali. Kisha yaya akanyoosha shingo ya koti lake. "Mama, uko na neno?"

Mama alikuwa ametazama dirishani.

"Mama, uko na neno?" mara ya pili.

Niliona mshipa wa shingo yake, jinsi alivyouvuta ule uso pembeni. Mkono mmoja ulikuwa juu ya meza na vidole havikutikisika.

"Mama. Uko na neno?"

Ile ilikuwa mara ya tatu, na kwenye visanduku vyote watu wakaninyamazia mimi. Hakuna aliyeniita. Walijua tu, kwa miaka yote, ni nani anakaa kushoto. Nilipaswa kusema: Mama anasema anabaki Louisville. Ni maneno manne, mawili pungufu ya yale ya mabati.

"Mama hana neno," nikasema.

Yaya akapiga makofi, mke wake akaingia kwenye picha akapiga makofi, mdogo wangu akapiga kutoka chumbani. Ndipo mama akageuza uso polepole na kuielekea kamera, akatutazama sawasawa, na kutabasamu lile tabasamu la mtu anayeambiwa habari za jirani. Tukafunga kwa maombi. Niliyaongoza mimi.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumchukua kwa gari. Alikuwa na masanduku mawili, laptop ndani ya mfuko wa mchele, na ndoo yenye miche ya matembele aliyoing'oa kwenye kashamba kake, mizizi imefungwa kwa nguo iliyoloweshwa. Yule mjane wa kwaya alikuwepo. Aliniamkia vizuri, akanishika mkono kwa mikono miwili, na hakuniuliza kitu. Ningependa angeniuliza.

Kwenye gari la Amerika abiria anakaa kulia kwa dereva. Sikio zima la mama lilikuwa linanielekea mimi, karibu kuliko lilivyowahi kuwa tangu nilipokuwa mtoto. Ningenong'ona angesikia. Masaa matatu nilimwambia habari za malori, bei za mafuta, na mahali ambapo polisi hujificha. Yeye alijibu, "Ehe," na "Barabara ni muzuri," na alishika ndoo kati ya miguu isimwagike.

Njia ya Buffalo inapita Columbus. Tulipumzika kwetu saa moja. Mke wangu alipika chai ya maziwa na chapati, akamwita Mum, akambusu mashavu yote mawili. Mama alikaa kwenye ukingo wa kochi letu, lile kubwa linalokunjuliwa kuwa kitanda. Alilipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa kitambaa sokoni kabla ya kuuliza bei.

"Hapa nani analala?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni la kukalia tu."

"Ni muzuri," akasema, akamaliza chai yake. Tukaondoka.

Sikurudi kumwona mpaka mwezi wa kumi na moja. Yaya anakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, ngazi zake ziko nje, na siku hiyo zilikuwa na barafu. Nilipoingia, mama alikuwa anamsuka mjukuu mmoja huku wa pili amelala mgongoni kwake. Alikuwa amekonda. Matembele yalikuwa yamekufa ndani ya ndoo ile ile, kwenye kizingiti cha dirisha, na hakuna aliyeona haja ya kuyatupa.

"Mama yako amekuwa kiziwi kabisa kabisa," shemeji aliniambia kabla sijavua koti, mama yupo pale pale. "Unamuita mara kumi." Akasogea mbele yake, akapiga makofi karibu na uso wake. "MAMA! Chakula ya batoto!" Mama akainuka.

Yaya alicheka kutoka kwenye kiti. "Sikio la kufa halisikie dawa," akasema, na watoto, ambao hawajui Kiswahili cha kutosha kununulia chumvi, walicheka kwa sababu baba yao anacheka. Na mimi nilicheka. Lilikuwa la kuchekesha, na nilikuwa mgeni.

"Umutengenezee na ile mashine yake," yaya akaongeza. "Kila Jumapili tunapiga makelele. Weye si ndiye fundi?"

Kwa hiyo nikamtengenezea. Nilikaa na mama kwenye chumba anacholala na watoto wawili, laptop juu ya kitanda. Nilikaa kushoto. Niliufuta ule mpangilio wa kunong'ona. Nikaingia ndani zaidi, nikavikuta vile vipimo, sifuri na mia, vinaningoja kama nilivyoviacha. Nikavuta cha kushoto hadi kikalingana na mwenzake. Nikawasha na kile cha kusawazisha, kinachoinua sauti ndogo na kutuliza kubwa ili mtu asishtuliwe na kelele. Nikafungua ule wimbo wa kwaya.

Mama alinyanyua mkono, kana kwamba mtu ameingia mlangoni. Alikuwa ametazama mbele, hakugeuka popote. Wimbo ukaisha, akaniomba niurudie, nikaurudia. Aliimba sauti ya pili kidogo, bila kufungua midomo. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa mjinga kiasi cha kujisikia vizuri.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

"Sauti ilikuwa imevutwa upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

Alifikiri. Nje ya mlango shemeji alikuwa anamtafutia mtoto soksi. "Na ile siku ulisema ni masikio yangu," mama akasema, "ilikuwa hivi hivi?"

"Sikumbuki, mama."

"Mie nakumbuka." Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja kitenge juu ya magoti yake, ukingo juu ya ukingo. "Ulisema ni umri, nikaona bon, nijaribu mwenyewe. Nilikaa na hii mashine siku tatu. Nikageuka hivi, nikageuka hivi. Nikaona nikiangalia dirisha, sikio yangu muzuri inafika mbele, sauti inakuja. Inakuja yote, papa. Siku ya kikao nilisikia kila kitu. Yaya yako aliuliza mara tatu. Mie niko nangojea. Nikasikia, 'Mama hana neno.'"

Nilishindwa kumtazama. Nilitazama kioo, vile vipimo viwili vilivyolingana. Nilimuuliza swali ambalo mtoto wa ukoo wowote wa kwetu asingeliuliza.

"Kwa nini hukusema mwenyewe, mama?"

Alinigeukia kwa mshangao, mshangao mtupu. "Nijisemee?" akasema. "Na weye uko pale?"

Mtoto mmoja alikuja akapanda kitandani, akamrukia mgongoni. Mama akamshika miguu bila kuangalia, kama mtu anayeshika mzigo aliouzoea. Kisha akanionyesha laptop kwa kidevu.

"Rudisha vile ilikuwa."

"Mama, hutasikia."

"Hapa bote beko naongea," akasema. "Nikitaka kusikia mutu, niko najua pa kuangalia. Rudisha."

Nilirudisha. Kushoto sifuri, kulia mia. Sekunde tano, kama nilivyosema.

Sasa kila Jumapili tunakutana kama kawaida. Pale mezani Buffalo, kulia kwake hakuna dirisha, kuna ukuta wenye kalenda ya kanisa. Mara moja moja yule mjane wa Louisville huingia kwenye kikao kumsalimia, na mama hugeuza uso wake wote kwenye ile kalenda na kukaa hivyo mpaka mwenzake amalize, midomo ikichezacheza. Yaya humwambia, "Mama, utazame huku." Hamjibu. Watoto wanasema bibi ameanza kuchanganyikiwa, anaongea na ukuta.

Mimi nikianza kuongea, anaiangalia kamera. Ananitazama sawasawa, machoni, na kutabasamu. Mtu mwingine angesema hakuna mama anayemsikiliza mwanawe kwa makini kama yule. Namwambia habari za kazi, za mke wangu, za Columbus. Anatikisa kichwa mahali ambapo si pa kutikisa kichwa. Sijawahi kumwona akigeuka kwa ajili yangu, na nimeangalia kila Jumapili.

Jumapili iliyopita mke wangu alikuwa ametoka. Sijui kama angekuwepo ningeuliza. Nilisogea karibu na laptop yangu na kusema, "Mama, nikuje nikuchukue? Ukae kwetu, hapa. Lile kochi linakunjuka." Alinitazama usoni, akatabasamu. Nikasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka jirani akagonga ukuta. "Mama, nikuje?" Tabasamu lile lile. Mara ya tatu nilipunga mkono nimwonyeshe kulia, kwenye kalenda, ageuke, ageuke kidogo tu. Alifikiri namuaga. Au hakufikiri hivyo. Akanipungia na yeye.

Shemeji alikuwa anapita nyuma yake na kapu la nguo. Aliinama kwenye kamera kunisaidia.

"Wacha tu, shemeji," akasema. "Mama hana neno."